Baridi Tuliyofunga Kamshafti ya Baba Mkwe

Jumapili, 5 Januari

Mume wangu. Naandika neno hili tu nione linavyokaa kwenye karatasi. Mume wangu amelala kwenye kochi na soksi mbili zisizofanana, mdomo wazi, na mimi nimekaa hapa jikoni namtazama kama mtu anayeota moto. Kabla ya Krismasi nilikuwa Corinne Beaudry wa dukani, yule anayefunga mikate ya nyama. Sasa ni Corinne Lahtela, na hata theluji iliyoziba mlango wa nyuma naiona nzuri.

Tunaishi kwa baba mkwe wangu, Mzee Arvid. Hatukupanga hivyo. Nels alikwisha kupata vyumba viwili juu ya duka la viatu, lakini mwezi wa kumi na moja baba yake aliacha jiko likiwaka akaenda kuvua samaki, na daktari akatuambia kile tulichokuwa tunakijua na kukikwepa: kumbukumbu zake zinaondoka, na zitaendelea kuondoka. Kwa hiyo fungate yetu tunaila katika chumba alicholala Nels akiwa mtoto, kwenye kitanda cha mtu mmoja. Silalamiki. Kitanda chembamba kina raha zake.

Jumanne, 7 Januari

Leo Nels amenionyesha gari.

Liko gereji nyuma ya nyumba, chini ya turubai: Datsun 240Z ya mwaka 1972, milango miwili, rangi ya chungwa, pua ndefu kama ya mtu mwenye maringo. Mzee Arvid alilinunua kabla hajaoa, akalibadilisha kidogo kidogo kwa mikono yake, kabureta kubwa, springi ngumu, eksozi nene, akashindana nalo kupanda vilima mpaka mama yake Nels, sasa marehemu, alipougua. Hapo akaacha. Chini ya benchi kuna vitu viwili ambavyo hakuwahi kuvifunga: kamshafti ya mashindano iliyoviringishwa kwenye karatasi yenye grisi, na difu, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma. Vimekaa hapo tangu Nels hajaanza shule.

"Nitavifunga baridi hii," Nels akasema. "Barafu ikiondoka ghubani, gari liwe linawaka."

"Haraka ya nini, mpenzi?"

Akawa anafuta vumbi lisilokuwepo kwenye kioo. "Baba hajawahi kuniambia nimefanya kazi nzuri, Corinne. Hata siku moja. Nikifunga boliti, anaifungua anaifunga upya mbele yangu. Nataka akae humu ndani, asikie injini, ajue ni mimi niliyefanya. Akiwa bado ananijua."

Nilimshika uso kwa mikono yote miwili nikamwambia mimi nitamsifu kila siku mpaka azibe masikio. Akacheka. Nampenda hadi naona haya kuandika.

Jumamosi, 11 Januari

Sauna, kile chumba cha mvuke uani, kisha kahawa na mkate wa iliki. Mzee Arvid amesema mikate yangu ya nyama ina viazi vingi mno. Lakini alikula miwili.

Jumapili, 19 Januari

Siku ya difu. Duane, jirani yetu, anayechomelea vyuma bandarini, alikuja kusaidia kuinyanyua. Kile chuma ni kizito kama ndama.

"Shemeji," Duane akaniuliza akiwa chali chini ya gari, "huyu bwana usiku anakukumbatia wewe au anakumbatia difu?"

"Uliza difu," nikamjibu.

"Nimeiuliza. Imenuna."

Walipomaliza, Nels alinipa somo. Gari likiwa limeinuliwa juu ya stendi, magurudumu ya nyuma yananing'inia. Alisema difu ya zamani, ukizungusha gurudumu moja kwa mkono, la pili linazunguka kinyume. Na kwenye barafu lile linaloteleza ndilo linalochukua nguvu zote, lile jingine linabaki limekaa bure. Hii mpya inayafunga pamoja. "Shika hilo," akaniambia, naye akashika la upande wake. Akazungusha, na gurudumu langu likazunguka mikononi mwangu, upande uleule, kwa mwendo uleule. Tulitazamana chini ya gari tukiwa na grisi mpaka kwenye nyusi. Duane akasema anakwenda nje kutapika.

Kisha Mzee Arvid akaingia na spana yake ndefu. Alilala chini, akafungua kila boliti ambayo Nels aliifunga, akazifunga tena moja moja, akatoka. Nels alibaki amesimama na kitambaa mkononi. Leo nimemchukia mzee yule. Naandika kwa sababu siwezi kusema.

Alhamisi, 30 Januari

Baridi kali. Nywele za Nels ziliganda kati ya sauna na mlango wa jikoni. Nilizivunja kwa vidole, zikalia kama biskuti.

Jumamosi, 8 Februari

Leo mzee alikuwa mzima kabisa. Aliamka akiwa Arvid, akavaa ovaroli, akaja gereji kabla yetu.

Kamshafti ni fimbo ya chuma yenye nundu zilizochongwa mfano wa mayai. Ikizunguka, nundu zinasukuma valvu zifunguke, na injini inavuta pumzi. Nundu za hii ya mashindano ni ndefu zaidi, kwa hiyo pumzi nazo ni ndefu. Ili kutoa ile ya zamani, lazima kwanza uchomeke kabari ya mti katikati ya mnyororo unaoizungusha. Kabari ikitoka, kile kinachoukaza mnyororo huko chini kinafyatuka, na itabidi ufungue uso mzima wa injini. Mzee Arvid aliichonga hiyo kabari mwenyewe zamani, kwa mti wa mepo. Alimpa Nels bila kuombwa.

Halafu akanigeukia mimi. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuongea nami jambo lisilohusu viazi.

"Binti, unajua kamshafti mpya inakufaje?"

"Sijui, baba."

"Inakufa siku ya kwanza. Nundu na vyuma vinavyozigusa bado havijazoeana, na oili haifiki juu vizuri mpaka injini izunguke kwa kasi. Basi ikiwaka tu, resi juu. Nusu saa nzima, mguu usiachie. Ukiiacha iungurume taratibu, inajisaga yenyewe, na huisikii ikijisaga. Huo ndio ubaya wake. Muungurumo wake wa taratibu ndio mtamu kuliko wote, unadunda, unakosea, unadunda tena. Kila kijana anataka kuusikia papo hapo. Ndiyo maana wanaziua."

Duane akaniambia baadaye kwamba mji huu ulikuwa na desturi: mtu akifunga kamshafti mpya, anamwita Arvid Lahtela aje kushika resi. Alikuwa na mguu usiotetemeka. Walimwita kama watu wanavyomwita kasisi.

Nilipika nyama ya kulungu. Nimefurahi leo.

Jumamosi, 15 Februari

Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa dukani tangu asubuhi. Niliporudi nilisikia kimya gereji, kimya kibaya, nikaenda bila kuvua koti. Nels alikuwa amekaa sakafuni ameegemea gurudumu. Mzee Arvid alikuwa kwenye sinki, anaosha kitu kwa sabuni, anaimba kwa sauti ya chini. Ilikuwa ile kabari.

"Watu wachafu sana," mzee akaniambia. "Wameacha kipande cha mti ndani ya injini. Ingekuwaje kama nisingekiona?"

Nels alikuwa ameingia ndani kuchukua kahawa tu. Kahawa tu. Mnyororo umelegea, kikazio chake kimefyatuka, na sasa redieta, feni, sampu ya oili na uso wote wa injini lazima vitoke. Kazi ya wiki nyingi kwa mtu anayefanya kazi mchana.

Duane alikuja na ngazi aliyokuwa ameazima, akaona, akashika kichwa. "Nani kafanya hivi?"

"Mimi," Nels akasema. "Niliigonga na kiwiko."

Duane akamtazama, akamtazama mzee aliyekuwa anakausha kabari kwa shati lake, akasema, "Kiwiko chako kina akili ndogo kuliko wewe, na wewe mwenyewe huna nyingi." Akavua koti akaanza kufungua redieta.

Kitandani nilimwambia Nels kwamba ni mtu mwema kuliko wote niliowahi kuwajua. Alisema asante. Alisema kama unavyosema asante kwa mtu aliyekushikia mlango.

Jumapili, 23 Februari

Theluji mpaka dirishani. Nels na Duane wako gereji.

Nataka kuandika jambo moja kwa uaminifu. Namsifu mume wangu asubuhi na jioni, nayasema maneno yote mazuri ninayoyajua, na namwona anavyoyapokea kwa upole na kuyaweka kando. Si kwamba hanipendi. Ananipenda, najua anavyonishika. Lakini kuna mahali ndani yake ambapo maneno yangu hayafiki, na mwenye ufunguo wa mahali hapo anaosha kabari kwa sabuni. Nililia kidogo kwenye unga leo. Mwenye duka akadhani ni vitunguu.

Jumatano, 5 Machi

Mzee ameniita "dada wa dukani" siku nzima. Kwa adabu kubwa. Alinishukuru kwa kumletea chakula mpaka nyumbani.

Ijumaa, 14 Machi

Uso wa injini umefungwa tena. Kamshafti imeingia, imepakwa ile grisi nyeusi, nundu zinang'aa. Nels alinionyesha akiwa ameshika taa. Nilisema ni nzuri. Akasema, "Ngoja aione baba."

Baba aliiona. Alisimama mlangoni, akaniuliza mimi kwa kunong'ona, "Yule fundi anatoka wapi?"

Nilisema, "Ni Nels, baba. Mwanao."

Akacheka kwa huruma, kama mtu anayemsikia mtoto akikosea. "Nels ana miaka tisa, dada."

Sikumwambia Nels. Nilipogeuka nikaona alikuwa ameacha kukaza boliti, na spana iko hewani.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua juu ya theluji. Nels anarekebisha nafasi za valvu, anarudia, anarudia. Nimemwambia aje kula. Anasema bado moja.

Jumamosi, 29 Machi

Zilezile valvu. Barafu ghubani imekuwa nyeusi kando kando. Mzee anaamka asubuhi nyingi akiwa mtu mwingine, na siku zile anazoamka akiwa Arvid zimekuwa chache kiasi kwamba tunatazamana mezani anapoomba kahawa, tukisubiri atatuitaje. Nels amekonda. Wikendi iliyopita nilimwomba twende wawili tu, hata saa moja, tutembee ufukweni. Tulikwenda. Alinishika mkono njia yote, akaniambia habari za valvu.

Jumapili, 6 Aprili

Mzee aliamka akamwita Nels kwa jina la kaka yake mwenyewe, marehemu. Nels akaitika.

Jumamosi, 12 Aprili

Barafu iliondoka Alhamisi kwa upepo wa kusini, yote kwa siku moja. Leo tumewasha gari.

Asubuhi mzee alikuwa mtulivu. Alivaa ovaroli mwenyewe, ingawa juu ya pajama. Nels akamshika kiwiko akampeleka gereji, akamfungulia mlango wa dereva.

Duane akamvuta pembeni. "Nels, niache mimi nishike resi. Mzee akae pale kwenye kiti, asikilize. Ni kitu kilekile."

"Si kitu kilekile. Hii ni kazi yake."

"Ilikuwa kazi yake."

"Duane."

"Haya. Gari si langu."

Mzee alikaa, akashika usukani, akakivuta kiti mbele bila kutafuta kishikio, mkono ukaenda wenyewe. Nels akainama kwenye boneti, mkono wake karibu na fimbo ya kabureta inayopandisha resi, ili awahi kama mguu wa baba ukichoka. Mimi nilisimama kwenye mlango wa dereva. Duane alifungua geti moshi utoke.

Injini ikashika mara ya pili. Na mzee, sijui niandikeje, mzee alirudi. Mguu ulishuka kiasi kilekile kinachotakiwa, mshale wa resi ukapanda ukasimama pale ukakaa kama umepigiliwa msumari. Mgongo wake ulinyooka. Gereji nzima ilikuwa inatetemeka, makopo yanacheza kwenye rafu, na yeye macho yako kwenye kipimo cha oili, kisha cha joto, kisha cha oili, kama kijana. Duane aliniinulia dole gumba. Nels alikuwa anamtazama baba yake kupitia kioo cha mbele, na uso wake sijawahi kuuona hivyo, hata siku ya harusi yetu. Na sikuona wivu. Naapa sikuona.

Halafu mguu ukaachia.

Haukuchoka. Nilikuwa karibu, nikauona. Aliunyanyua polepole, kwa makusudi, akafumba macho. Sauti ikashuka mpaka chini, ikaanza kudunda, ikakosea, ikadunda tena, gari lote likiyumba kidogo. Mzee akatabasamu.

"Resi," Duane akapaza sauti kutoka getini. "Nels, fimbo, vuta fimbo."

Mkono wa Nels ulikuwa juu ya ile fimbo. Angeweza kuivuta kwa kidole kimoja. Mzee alikuwa amefungua macho, anamwita kwa mkono.

"Fundi. Njoo hapa."

Nels akaiachia fimbo. Akazunguka gari akaja akainama dirishani, karibu yangu.

"Umefunga wewe hii?"

"Mimi."

"Na difu?"

"Na difu."

Mzee akasikiliza tena, kichwa kimeinama. "Kazi safi. Naiambia mikono yako, si wewe. Sijaona kazi safi namna hii kwa muda mrefu sana." Akampigapiga Nels kwenye mkono. "Nina kijana wangu nyumbani. Mkono wake mzito, hana subira, kila kitu narudia nyuma yake. Ningependa nimlete kwako, ajifunze."

Nilifungua mdomo. Nels akanitazama na kutikisa kichwa, mara moja tu.

"Mlete, mzee," akasema. "Nitamfundisha."

"Usimpige. Ni mtoto mzuri."

"Sitampiga."

Injini iliendelea kuunguruma taratibu. Ilikuwa sauti tamu kweli, na sote watatu tulijua inakula nini. Duane alikuwa amekaa juu ya ndoo, amejishika magoti. Hakuna aliyeizima mpaka mzee mwenyewe alipoizima, akashuka, akatushukuru wote, akaniuliza kama duka limefunguliwa.

Nilimkuta Nels nyuma, kwenye rundo la kuni. Nilimwambia, "Amesema kazi safi, mpenzi. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Amemwambia fundi," Nels akasema.

Nilimkumbatia kwa nyuma. Sikuwa na neno la kumsifu. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane sikulitafuta.

Jumapili, 13 Aprili

Hakuna la kuandika.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Wamemwaga oili. Ilitoka ikimeta vumbi la chuma kilichosagika, kama rangi ya kucha ya fedha niliyopaka siku ya harusi. Duane alichovya kidole, akasugua, akasema, "Pole, ndugu yangu." Nels aliweka kifuniko kwenye beseni kana kwamba kuna mtu amelala ndani.

Jumanne, 29 Aprili

Mzee haulizi habari za gari. Haulizi habari za mtu. Nels anamnyoa kila asubuhi, na mzee anamwachia shavu, anamshukuru kama kinyozi.

Jumamosi, 3 Mei

Leo wameitoa kamshafti. Nels aliilaza benchi juu ya gazeti. Hata mimi niliona: nundu mbili zimelika, vilele vyake vimekuwa bapa, na pembeni zimechanika kama zimepigwa tupa. Duane alikuwa anasema kuna mtu kusini anazichonga upya, atampelekea. Nels alikuwa anasikiliza nusu.

Mzee Arvid akaingia na kikombe chake. Hatukumsikia. Akakiweka chini, akainyanyua kamshafti kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akapitisha ukucha wa gumba juu ya nundu, moja, nyingine, nyingine. Kwenye ile iliyolika ukucha ukasimama.

"Nani ameiacha hii iungurume taratibu?"

Duane akatazama sakafu. Kisha nikaona anavuta pumzi ya kusema, nikamkanyaga mguu.

"Mimi," Nels akasema.

Mzee akageuka akamtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, uso mzima ukijikunja, kama mtu anayesoma maandishi madogo bila miwani. Nilishika ukingo wa benchi.

"Nels," akasema. "Wewe Nels, una nini kichwani?"

Nels akapiga hatua moja nyuma.

"Naongea na wewe. Nimekueleza lini? Tangu uko mdogo, umekaa palepale kwenye ndoo, nimekueleza au sikukueleza?"

"Umenieleza, baba."

"Sasa tazama. Tazama hapa. Kitu nimekitunza miaka yote hii, unakiua kwa asubuhi moja kwa sababu unataka kusikia sauti. Njoo karibu, unaogopa nini? Shika. Pitisha ukucha. Unasikia?"

"Nasikia, baba."

"Nels, Nels. Huna subira, mwanangu. Mama yako naye ananiambia nisikukaripie. Nisikukaripieje?"

Duane alitoka nje akasimama kwenye matope, ametupa mgongo. Mimi nilibaki. Mume wangu alikuwa amesimama na kile chuma mikononi, machozi yanashuka mpaka kwenye ndevu, hayafuti, na baba yake anamkaripia, jina lake likirudi kila sentensi. Kahawa ilipoa kwenye kikombe. Kila mzee aliponyamaza, Nels aliitika, "Ndiyo, baba," kwa sauti ndogo, kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kwamba akikosea jibu moja tu, itakwisha.